Muulize Bibi: Urojo wa barazani hauna ukali tena

*Shikamoo Bibi. Mimi mzaliwa wa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, siku hizi nakaa Bububu. Tulipokuwa skuli kulikuwa na mama mtaani kwetu akiuza urojo barazani kwake kuanzia alasiri. Tukila hapo hapo, bakuli mkononi. Mama keshatangulia mbele ya haki na wanawe ndio wanaoendesha. Wametia bango la taa na meza za kioo, bei zimeandikwa kwa shilingi na kwa dola, baraza imewekewa mito na hukai mpaka uagize. Nimempeleka mwanangu juzi: urojo mzito kama uji, ukali hauna, pilipili imeletwa pembeni kwenye kichupa. Nimeondoka na donge. Niwaambie, au nitaonekana nina choyo?*
*Mtoto wa Mtaani*

Marahaba mwanangu. Bango na bei waachie wenyewe. Marehemu alikuwa akiuza mlangoni kwake, na waliokuwa wakimkunia nazi bila ya mshahara ndio hao hao unaowalaumu leo. Sasa wana leseni, vijana wa kulipa, na bila shaka warithi wengine wanaongoja fungu lao, maana nyumba ya Mji Mkongwe haikosi warithi. Majumba mangapi pale yameuzwa yakawa hoteli? Hawa wamebakisha jiko la mama yao. Forodhani nako, bustani ilipotengenezwa upya ikafunguliwa 2009, wapo walioapa kwamba hawali tena pale. Nawaona kila sikukuu wamekaa ukutani na wajukuu wao, mishkaki mkononi.

Ladha ndiyo kesi yenyewe, na hapo nakusikiliza, kwa sababu mimi nimeuza bajia na urojo Kikwajuni mpaka macho yaliponikatalia.

Urojo ni unga wa ngano uliovurugwa kwa maji, manjano na chumvi, ukapikwa kwa moto mdogo huku unakorogwa hadi ile harufu ya unga mbichi iondoke. Ukali wake ni embe mbichi msimu ukiwapo, na usipokuwapo ni ndimu. Mama yule alikuwa akiinjika sufuria moja alasiri, na magharibi ikiadhiniwa anakwangua chini. Wanawe, kwa unavyoeleza biashara yao, nadhani wanafungua asubuhi na kufunga usiku. Sasa unga ukikaa unazidi kushikana. Kijana anaona umekuwa mzito, anamimina maji ya moto, anakoroga, anauza. Saa mbili baadaye anamimina tena, na mara nyengine anachoka, anakupa hivyo hivyo ulivyoshikana. Maji yanazimua ndimu, lakini manjano hayaishi upesi, kwa hiyo rangi inakudanganya kuwa ni urojo ule ule. Si ubakhili huo, ni saa za kazi. Dawa yake ni kupika kidogo kidogo, mara mbili tatu kwa siku, na kila ukizimuliwa utiwe ndimu na uonjwe.

Pilipili ya pembeni ni kwa ajili ya wageni, isikukere. Sema mapema, "Nitilie kama wa nyumbani," watakutilia mpaka utokwe na kamasi. Ila ukiona wameacha chatine ya nazi wakakumiminia tomato ya chupa juu ya kachori, hapo gomba, na useme Bibi ndiye aliyekutuma.

La baraza limeniudhi kuliko yote. Baraza ni ya mtaa. Wazee hukaa na kahawa yao, watoto wakatoka chuoni kusoma Kurani wakapumzika, papasi, yule kijana wa kuwatembeza wageni, naye akapitisha jua, na hakuna anayeulizwa umenunua nini. Waombe waondoe mito upande mmoja tu, ule wa karibu na mlango, ubaki kwa wapita njia. Meza wanazo, hawatapungukiwa.

Namna ya kuwaambia: usiende usiku wageni wamejaa, wala usiandike kwenye simu watu wakacheka. Nenda baada ya alasiri, umtafute yule anayeshika upawa, si yule anayepokea pesa. Msalimie, mrehemu mama yake, mwambie wewe ni mtoto wa nyumba gani. Onja kwanza. Kisha mwombe akukamulie ndimu kwenye bakuli lako na aonje na yeye. Mtu aliyelelewa na sufuria ile ataijua tofauti kabla hujafungua mdomo. Bei usiigusie siku hiyo. Siku ya pili chukua bakuli lako mwenyewe kutoka nyumbani, lenye kifuniko, umuulize atakuuzia kiasi gani ukala kwako. Wengi wana bei ya mtaa, hawaiandiki tu ukutani.