Barua kwa mwanangu: Kuhamisha data si kuwekwa kando

Mwanangu,

Unasema wenzako mlioajiriwa pamoja wamepewa kuandika programu, wewe umepewa kuhamisha data za sacco moja hapo Nairobi kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya, na unauliza kama ndiyo umewekwa kando. La. Anayeandika programu mwaka mzima anaweza asijue mkopo unakaaje vitabuni. Wewe utalazimika kujua.

Kabla hujagusa jedwali lolote, omba urari, yaani orodha ya salio za akaunti zote, wa siku ile ile data zilipotolewa. Akiba za wanachama, ukizijumlisha mmoja mmoja, ziwe sawa na akaunti ya akiba kwenye leja kuu. Mikopo vivyo hivyo, na hisa. Mara nyingi hazilingani hata ndani ya mfumo wa zamani. Tofauti hiyo si yako, lakini usipoiandika leo mhasibu wa sacco akaitia sahihi, ukishahamisha itakuwa yako.

Halafu riba. "Asilimia 12" peke yake haikuambii kitu. Mkopo wa shilingi 120,000 wa miezi 12, riba ikipigwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, ni riba ya 14,400 na rejesho la 11,200 kwa mwezi. Ikipigwa kwa salio linalopungua, rejesho ni kama 10,662 na riba yote haifiki 8,000. Uliza pia mwaka wao una siku 365 au 360: milioni moja kwa 15%, siku 30, inazaa 12,328.77 au 12,500. Chukua mikopo 20 ya kila aina, piga riba mwenyewe, linganisha na iliyotozwa kweli mwezi uliopita. Ukikuta mkataba unasema hivi na mfumo unatoza vile, usiamue wewe. Mpelekee mteja aamue kwa maandishi.

Panapoumiza zaidi ni siku za kuchelewa. Ukihamisha salio tupu, mfumo mpya huanza kuhesabu kuchelewa upya tangu siku ulipohamia, na mkopo uliolala siku 95 unaamka ukiwa mzima. Kwa kanuni za SASRA, mamlaka inayosimamia sacco Kenya, mkopo uliochelewa kati ya siku 31 na 180 hutengewa 25% ya salio kutoka kwenye faida, kwa hofu ya kutolipwa; usiochelewa 1%. Salio la 400,000 lilitengewa 100,000. Ghafla ni 4,000. Faida ya sacco inapanda bila mtu kulipa hata shilingi, na mkaguzi haishi kuuliza. Kwa hiyo hamisha tarehe ya rejesho la mwisho lililokamilika, malimbikizo ya mkopo wenyewe na ya riba, kila moja peke yake, na ratiba ya awali. Kisha ripoti ya mikopo iliyochelewa itoke sawa kwenye mifumo yote miwili, kundi kwa kundi.

Wadhamini nao husahaulika, kwa sababu hawana salio la kuonekana kwenye urari. Usipohamisha nani kamdhamini nani, na kwa kiasi gani, mdhamini atatoa akiba zake zote, hata zile zinazoshikilia mkopo wa mwenzake, na mfumo utamruhusu.

Excel ni adui mpole. Namba ya simu inayoanza na 07 hupoteza sifuri. Namba ya akaunti yenye tarakimu zaidi ya 15 hugeuzwa sifuri mwishoni, na hazirudi tena. Tarehe 03/04 huwa Machi au Aprili kutegemea kompyuta ya aliyefungua. Safu hizo zisomwe kama maandishi, na tarehe ziandikwe mwaka kwanza. Usirekebishe chochote kwa mkono ndani ya faili. Andika hati ya programu ifanye, maana utarudia kazi hiyo hiyo mara nyingi.

Utarudia kwa sababu ya mazoezi ya kuhamisha kabla ya siku yenyewe. Yawe matatu, na kila moja ulipime kwa saa. Sacco ikifungwa Ijumaa saa 12 jioni na kufunguliwa Jumatatu saa 2 asubuhi, una saa 62. Kupakia kukila saa 40, huna nafasi ya kukosea wala ya kurudi kwenye mfumo wa zamani. Mkubaliane mapema ni saa ngapi Jumapili mtaamua kurudi, na nani anatoa neno hilo. Si wewe, hata wakikusukumia.

Kozi za vyeti ulizotaja zisubiri. Kama una jioni mbili kwa wiki, jifunze uhasibu wa kawaida, kutoka kuingiza muamala wa kwanza kwenye daftari hadi mizania, na SQL, lugha ya kuuliza data, hadi uandike maswali bila kutazama pembeni.

Na data za wanachama zisikae kwenye laptopu yako wala kwenye WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu wewe pia. Ukikwama niandikie, lakini nitumie maswali tu, si faili.

Mamako