Mjue Mwenye Nyumba Kabla ya Kupokea Funguo Zake

Kwa wewe unayeanza kazi ya kusimamia nyumba za kupangisha Dar es Salaam, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba, kabla hujakagua bati na vyoo, ujue nyumba hiyo ina maana gani kwa mwenyewe, kwa sababu ugomvi mwingi kati yake na wapangaji huanzia hapo.

Wengi utakaowahudumia ni wastaafu waliojenga kidogo kidogo kwa miaka mingi, na kodi ndiyo pensheni yao ya pili. Hao huipokea ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mara nyingi fedha hiyo huwa imeshapangiwa ada ya mjukuu au matibabu kabla mpangaji hajahamia. Siwalaumu hata kidogo. Hata hivyo, shimo la choo likijaa katikati ya mkataba, hakuna akiba ya kuita gari la majitaka, na mpangaji aliyekwisha kulipa kila kitu anavumilia harufu uani huku akiambiwa asubiri. Kwa hiyo, siku ile ile kodi inapolipwa, mwombe mwenye nyumba akuruhusu kutenga fungu la matengenezo, hata kama ni sehemu moja tu ya kumi, na makubaliano hayo yaandikwe. Ukingoja hadi kesho yake, fedha haipo tena.

Wapo pia wanaotazama bei ya jirani. Akisikia kwamba chumba na sebule mtaa wa pili kinapangishwa kwa bei ya juu, atakuagiza upandishe mara moja. Huyu mpe hesabu. Chumba cha shilingi 150,000 chenye mpangaji mwaka mzima huingiza shilingi 1,800,000. Ukikipandisha hadi 170,000, mpangaji akahama na chumba kikakaa kitupu miezi miwili, mwaka huo utaingiza 1,700,000, na bado hujapaka rangi. Tangu sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilipofutwa mwaka 2005, bei imebaki kuwa makubaliano ya pande mbili. Ndiyo maana mkataba ueleze waziwazi kodi itapitiwa lini na kwa notisi ya muda gani.

Mwenye nyumba anayeishi humo humo na wapangaji, katika zile nyumba za vyumba vinavyotazamana kwenye korido moja, ni mtu wa namna nyingine kabisa. Anajua nani amefiwa, na atamsubiri mwezi mzima bila kelele. Lakini pia anajua nani anapiga pasi kila asubuhi na nani ana mgeni wa wiki ya tatu, na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku, yote hayo hutajwa mlangoni. Binafsi nawaheshimu sana watu hawa, kwa kuwa nyumba zao ndizo zinazomstahimili mpangaji wa kipato kidogo. Mwenye nyumba huyu mshauri afunge submita, yaani mita ndogo ya umeme, kwa kila chumba, na utaona manung'uniko mengi yakipungua.

Penye tahadhari kubwa zaidi ni nyumba ya urithi. Hapo utakuta ndugu watano, kila mmoja akiitazama kwa jicho lake: mmoja anataka iuzwe, mwingine anaishi chumba cha uani bila kulipa, na aliye ughaibuni anataka picha na risiti za kila msumari. Wote hukubaliana kugawana kodi, ila paa likivuja hakuna anayejiona mwenye paa. Usipokee shilingi ya mpangaji kabla hujaona barua ya mahakama inayomtambua msimamizi wa mirathi, na kabla ndugu hawajakubaliana kwa maandishi kodi iingie akaunti ipi na matengenezo yakatwe kabla ya mgao. Wakikuambia kwamba mambo ya kifamilia hayaandikwi, waombe wamtafute msimamizi mwingine wa nyumba badala yako, tena kwa heshima, kwa kuwa wapangaji watakudai wewe na si wao.