"Yaya, unitumiye ile dawa": jibu langu kwa mdogo wangu wa Kadutu

Vokali yako ya dakika sita, ule ujumbe wa sauti, nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza jikoni, mbili zilizofuata ndani ya basi nikienda kazini, simu nimeibana sikioni kama mtu anayepokea habari za msiba. Umesema mwalimu wa pili primeri huko Bukavu amemrudisha kijana wako nyumbani tena: hakai kwenye banki, anajibu kabla swali halijaisha, makaye matatu, yaani madaftari, yamepotea tangu Septemba. Halafu ukamalizia kwa kuniita dada mkubwa: "Yaya, unitumiye tu ile dawa unamupatiaka mutoto wako. Hata kaboite kamoja." Na kwenye grupu ya familia Baba Mdogo akaandika kwamba sisi wa Ulaya tunawalevya watoto ili tupate nafasi ya kulala. Nitawajibu wote wawili, ila wewe kwanza.

Sitaituma.

Usidhani ni ubahili. Dawa yenyewe ni metilfenidati, na hapa Ubelgiji sanduku lake limeandikwa Rilatine. Iko chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, kwenye orodha moja na amfetamini, kwa hiyo haitembei ndani ya valizi ya mtu kama sabuni. Lakini hata kama watu wa forodha wangelala wote siku hiyo, bado nisingeituma, na sababu unaijua. Kabla ya kidonge cha kwanza daktari alituuliza: kuna mtu wa familia aliyekufa ghafla, au mwenye ugonjwa wa moyo? Mume wangu akasema hapana. Mimi nikanyamaza, kisha nikasema Baba. Wakamfanyia kijana wangu kipimo cha moyo siku ileile. Mwanao ni mjukuu wa Baba yuleyule, mdogo wangu. Ukimpa vidonge vyangu, nani atampima presha? Nani atajua aanze na kiasi gani? Wangu walimwanzisha kidogo, wakapandisha polepole, na mpaka leo kila tukienda wanampima uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo.

Sasa nikwambie namna tulivyofika hapo, maana picha ninazotuma za theluji hazisemi.

Tunakaa ghorofa ya tatu, Liège. Mtoto akiruka, jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio. Alipokuwa na miaka sita kitabu chake cha mawasiliano na shule kilikuwa chekundu kila siku: amesimama, amesukuma, hakumaliza. Kwetu mwalimu angemchapa na habari ingeishia hapo. Hapa wanakuita. Na wakikuita, sisi Wakongo tunasikia jambo moja tu: watachukua mtoto. Ndiyo maana mara mbili nilimdanganya yule mama wa PMS, kituo cha saikolojia kinachofuatana na shule, na huduma yake ni ya bure. Nilimwambia nyumbani mtoto ametulia kabisa. Uongo huo ulituchelewesha, kwa sababu ili waseme ni TDAH, tatizo hilo la umakini na utulivu, lazima dalili zionekane sehemu zaidi ya moja, ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Nilipoficha ya nyumbani, walibaki wakifikiri shida iko kwa mwalimu.

Na hawakukimbilia hapo. Walianza na masikio, kisha macho. Wakauliza usingizi: anakoroma? Wakauliza kama kuna jambo la kutisha aliloliona. Swali hilo la mwisho ndilo linanifanya nikufikirie wewe zaidi. Mwanao alikuwa chini ya kitanda ile Februari 2025 risasi zilipofika mjini. Mtoto mwenye hofu halali vizuri, anashtuka, hasikilizi, hatulii. Ukimtazama kwa mbali utasema ni ugonjwa uleule wa kijana wangu, kumbe anahitaji kitu tofauti kabisa. Malaria kali ya kichwani inaweza kuacha alama. Kifafa kile cha kuduwaa sekunde chache, mwalimu anaweza kukiita uzembe. Kidonge changu hakijui kutofautisha hayo.

Tulipopewa jibu, mume wangu alikataa dawa. Alisema maneno ya Baba Mdogo karibu neno kwa neno. Tukazunguka miaka karibu miwili tukitafuta njia nyingine. Tulikata sukari yote. Nyumba ikanuna, mtoto akabaki vilevile. Baadaye daktari alituambia hilo limeshapimwa mara nyingi na sukari haikuonekana kuwa chanzo. Rangi za vyakula ni kesi nyingine kidogo: tangu 2010 pipi na vinywaji vya Ulaya vyenye baadhi ya rangi hizo vinalazimika kubeba onyo kwamba vinaweza kuvuruga umakini wa watoto. Tuliziacha, na sijutii, ingawa sikuona muujiza. Tukanunua mafuta ya samaki kwa bei ya kutisha. Faida yake ikiwepo ni ndogo sana, na wewe una sambaza, wale samaki wadogo, pale sokoni, mle mshibe. Mtu mmoja mwenye ofisi nzuri akatufungia nyaya kichwani mwa mtoto mbele ya kompyuta, kila kipindi pesa. Hapo nililia kwa ajili ya pesa, si kwa ajili ya mtoto. Tuliomba pia, na bado tunaomba. Pasta wetu, Mungu ambariki, hakusema pepo. Alisema mtoto abebe viti.

Kilichosaidia kati ya hivyo vyote kilinikasirisha nilipokisikia: mafunzo ya wazazi. Yaani mgonjwa mtoto, shule niende mimi! Nilienda nikiwa nimenuna. Wakanifundisha kutoa agizo moja kwa wakati, si "nenda kaoge uvae ulete begi". Kumwangalia usoni kwanza. Kumsifu palepale anapofanya vizuri, si jioni. Kazi ya shule dakika kumi, anakimbia, anarudi. Picha ukutani: mswaki, viatu, begi. Kulala saa ileile kila siku. Haya hayahitaji umeme wala viza. Kwa watoto chini ya miaka sita ndiyo wanayoanza nayo, kabla ya kidonge chochote.

Lakini nisikudanganye, hayakutosha kwetu. Alipofika miaka minane alianza kusema yeye ni mjinga. Hilo ndilo lililomvunja baba yake, si shule.

Dawa yenyewe si jaribio la jana, Baba Mdogo. Ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944. Na haimlazi mtoto: ni dawa ya kuamsha, inaamsha ile sehemu ya ubongo inayoshika breki. Siku ya kwanza, kabla ya saa moja kwisha, alikaa akaandika nusu ukurasa. Nilisimama mlangoni nikiogopa kupumua. Nikamuuliza anajisikiaje, akasema: "Kawaida. Ila leo mwalimu hakupiga kelele."

Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wanaisimulia. Kuna nyingine. Mikate yake ya mchana ilirudi nyumbani mizima. Bugali anayoipenda aliitazama tu. Jioni dawa ilipokuwa inamtoka alilia kwa sababu ya soksi. Usingizi ukakimbia mpaka saa tano usiku. Ndani ya miezi mitatu uzito ulishuka, na nikakumbuka neno la "kumlevya", nikakaribia kutupa sanduku lote chooni. Wakabadilisha kiasi na saa. Sasa anakula vizuri asubuhi kabla ya kumeza, na usiku anakula tena kama mfanyakazi wa zamu. Kuna watoto ambao haiwafai kabisa, wanapewa aina nyingine zinazochukua majuma kadhaa ndipo zifanye kazi.

Nilimuuliza daktari waziwazi: itamponyesha? Akanieleza utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliochapishwa mwaka 1999, watoto 579 waliofuatwa miezi 14. Waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu walitulia kuliko waliopata mafunzo peke yake, na waliopata vyote viwili walihitaji kiasi kidogo cha dawa kuliko waliopewa dawa peke yake. Ila walipowaangalia tena miaka mitatu tangu kuanza, tofauti kati ya makundi ilikuwa imefifia. Kwa hiyo siponyi kitu. Ninampatia saa chache za mchana ambazo anaweza kusoma na kuwa na marafiki. Kwangu hilo linatosha kwa mwaka huu; mwaka ujao tutaangalia tena.

Najua utaniambia Bukavu mtoto kama huyu angekimbia kwenye parsela, uwanjani kwa nyumba, na binamu zake na hakuna ambaye angemwita mgonjwa. Nusu ni kweli, na mimi huwa ninaitamani hiyo nusu ninaposikia ufagio. Lakini unamkumbuka yule kijana tuliyesoma naye, aliyekuwa anapigwa kila asubuhi kabla hata hajafanya kosa? Aliacha shule tukiwa wa nne primeri. Mara ya mwisho nilimwona soko la Kadutu amebeba gunia la makaa, na alinitajia majina ya darasa lote, banki kwa banki, bila kukosea hata moja.

Basi, fanya hivi. Mpeleke apimwe masikio kwanza. Kisha SOSAME, kile kituo cha magonjwa ya akili hapo Bukavu. Ndiyo, najua watu wanasemaje wakikuona unaingia pale, ingia. Waambie kila kitu, pamoja na ile Februari. Mwalimu mwombe amkalishe mbele, mbali na dirisha, na awe ndiye anayetumwa kuleta chaki, maana miguu yake itaenda tu, bora iende kwa kazi. Pesa ya kumwona daktari nitatuma Ijumaa. Mama akitaja tena chumba cha maombi cha siku tatu bila chakula, umwambie anipigie mimi.

Jumatano watoto hapa wanatoka shule saa sita. Nitapiga mchana, tukimaliza mimi na wewe nitawapa simu wale wawili waongee. Wangu ana swali anataka kumuuliza ndugu yake kuhusu namna ya kupanda ukuta.