Maswali na Majibu: Viuagugu Ndani ya Juisi ya Matunda

Maswali ya mara hii yote yanahusu jambo moja: iwapo dawa za kuulia magugu zinazopigwa mashambani hufika kwenye juisi, na maabara hujuaje. Nimeyafupisha bila kubadili maana yake.

Sisi hapa Muheza hupiga dawa ya magugu chini ya michungwa, hatuyapigi matunda. Itafikaje kwenye juisi?

Zipo njia zaidi ya moja, na njia yenyewe hutegemea dawa. Glaifoseti, ambayo ndiyo kiuagugu kinachotumika zaidi duniani, hushikwa na udongo kwa nguvu, kwa hiyo mizizi huipata kidogo sana. Lakini ikipeperushwa na upepo na kutua kwenye matawi ya chini au kwenye machipukizi yanayoota shinani, huingia ndani ya mti na kusafiri pamoja na sukari hadi kwenye sehemu zinazokua, matunda yakiwemo. Bromasili na diuroni, ambazo baadhi ya nchi huzitumia kwenye machungwa na mananasi, hufanya kazi kinyume chake, kwa kuwa hizo hufyonzwa hasa na mizizi. Halafu iko 2,4-D, ambayo wengi huijua kuwa kiuagugu tu, ilhali wapo wakulima wa michungwa ng'ambo wanaoinyunyiza juu ya mti wenyewe, kwa kiasi kidogo sana na kwa makusudi, ili matunda yasipukutike kabla ya wakati. Ama machungwa yaliyoanguka juu ya majani yaliyopigwa dawa kisha yakaokotwa na kupelekwa kukamuliwa, hayo yatengeni tu.

Maabara hapa Nairobi imenipa ripoti ya viuatilifu zaidi ya 300, lakini glaifoseti haimo. Je, nimepunjwa?

Hukupunjwa, ila ulichokilipia siyo ulichokikusudia. Njia inayotumiwa na maabara nyingi kupima viuatilifu vingi kwa pamoja huitwa QuEChERS, nayo ilichapishwa mwaka 2003. Sampuli hutikiswa pamoja na kimiminika kiitwacho asetonitrili na chumvi maalumu, viuatilifu huhamia kwenye asetonitrili, kisha kinachopatikana hupitishwa kwenye mashine inayovitenganisha na kuvitambua kwa uzito wa molekuli na wa vipande vyake. Njia hii ni ya haraka na gharama yake kwa kila kiuatilifu ni ndogo, na kwa diuroni au bromasili inafaa kabisa. Glaifoseti, hata hivyo, hupenda maji kupita kiasi: haihami kwenda kwenye asetonitrili, hubaki palepale kwenye maji ya juisi, na mpimaji huimwaga bila kuiona. Ili kuipata, maabara hutumia njia ya pekee, kwa mfano ile ya QuPPe inayotumia methanoli iliyotiwa asidi kidogo, na huongeza kwenye sampuli kiasi kinachojulikana cha glaifoseti iliyotengenezwa kwa atomi nzito zaidi, ili sukari na asidi za juisi zikiupotosha usomaji wa mashine, upotoshaji huo uonekane na urekebishwe. Hata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilianza kuipima glaifoseti mwaka 2016 tu, tena kwenye mahindi, soya, maziwa na mayai, ingawa dawa hiyo ilikuwa sokoni tangu mwaka 1974. Kwa hiyo unapoagiza kipimo, itaje kwa jina, pamoja na AMPA, ambayo ni zao la kuvunjika kwake.

Ripoti ikisema "haikugundulika", maana yake juisi ni safi?

Maana yake ni kwamba, kama ipo, iko chini ya kiwango ambacho njia ile inaweza kukiona. Kiwango hicho sharti kiandikwe, na ripoti isiyokitaja irudishwe kwa aliyeitoa. Njia inayoishia miligramu 0.01 kwa kilo na inayoishia 0.1 zinaweza kutoa jibu hilohilo kwa juisi mbili zinazotofautiana mara tisa.

Kuichemsha juisi kunaondoa dawa?

Glaifoseti haiondoki kwa joto la kuchemsha juisi. Ukiichemsha hadi maji yapungue, utakuwa umeikoleza.

Niko Houston. Nimesoma kwamba juisi za machungwa za huku zilikutwa na glaifoseti. Mwanangu ana kilo 20; nimnyime?

Habari hiyo ilitoka mwaka 2017, pale kundi la wanaharakati la Moms Across America lilipotangaza matokeo ya chapa tano, kuanzia takriban sehemu 4 hadi 26 kwa bilioni, yaani mikrogramu kwa kilo. Kikomo cha Marekani kwa machungwa ni miligramu 0.5 kwa kilo, sawa na 500 kwa kipimo kilekile. Glasi ya mililita 250 ya juisi iliyoongoza ingempa mwanao mikrogramu 6.5 hivi, na kiasi ambacho Umoja wa Ulaya unakikubali kwa siku, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya mwili, kwake ni mikrogramu 10,000. Angehitaji zaidi ya glasi 1,500 kwa siku, na sukari ingemdhuru mapema zaidi. Hata hivyo kiasi hicho ni cha vyakula vyote kwa pamoja, na mjadala wenyewe haujazimika: wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka glaifoseti mwezi Machi 2015 kwenye kundi 2A, la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani, na mwezi Novemba mwaka huohuo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema haielekei kuwa hivyo. Wa kwanza ulitazama iwapo kitu kina uwezo wa kudhuru. Hesabu niliyokufanyia inahusu kiasi kinachoingia mwilini. Kwa maoni yangu mpe, lakini mpe chungwa zima mara nyingi kuliko juisi.

Tuna kiwanda kidogo Tanga na mnunuzi wa Ulaya ametaka kipimo. Sampuli tuipeleke vipi?

Tumieni chupa mpya za plastiki, kwa sababu glaifoseti huweza kunata kwenye kioo, na zigandisheni mara moja. Chukueni juisi ya mkupuo mmoja wa uzalishaji, muandike namba yake, na mbaki na chupa nyingine kiwandani iliyofungwa kwa lakiri, kwani mkigombana na mnunuzi ndiyo itakayowaamua. Msiridhike na maabara kusema ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara. Ombeni orodha ya vipimo vilivyomo kwenye ithibati hiyo, muone kama kiuagugu chenu kimo.

Mkiuza juisi iliyokolezwa, mwambieni mpimaji. Vikomo vya Ulaya vimewekwa kwa tunda bichi, kwa hiyo matokeo ya juisi nzito hayalinganishwi navyo moja kwa moja. Juisi ya machungwa yenye Brix (kipimo cha sukari iliyoyeyuka) 66 ikizimuliwa hadi 11.2 huongezeka karibu mara sita, hivyo miligramu 0.12 kwa kilo zilizosomwa kwenye pipa huwa karibu 0.02 kwenye glasi.