Laptopu inachemka hata juu ya stendi ya feni

SWALI: Laptopu yangu ya miaka minne inachemka nikihariri video, kisha inakuwa nzito kupindukia. Nimenunua stendi yenye feni mbili lakini sioni tofauti. Nimepigwa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Huenda hujapigwa. Igeuze uone matundu ya hewa ya tumboni yako wapi. Kwa laptopu nyingi yako nyuma, karibu na bawaba, ilhali feni za stendi hukaa katikati, hivyo zinapoza plastiki tu. Isogeze mpaka vikutane. Kama tumbo halina matundu kabisa, usitegemee makubwa.

Angalia pia upepo unaelekea wapi. Weka kipande cha tishu juu ya feni: kikiinuka, sawa. Kikinatia kwenye wavu, feni inavuta hewa kwenda chini na kugombana na ile ya ndani. Fungua skrubu zake, uigeuze.

Hapo kusipokuwa na nafuu, shaka yetu ni vumbi. Hujishindilia kati ya feni ya ndani na mapezi ya kupozea, likawa kama kipande cha blanketi, na hakuna stendi ya kulipenya. Zima, chomoa chaja, fungua kifuniko, kisha chomoa waya wa betri kabla ya kugusa chochote. Zuia panga za feni kwa kijiti cha meno, toa vumbi kwa brashi laini na blowa. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Grisi ya prosesa (ile inayopitisha joto kati ya prosesa, yaani chipu kuu, na chuma cha kuipoza) ikiwa imekauka, ifute kwa spiriti ya isopropili, upake mpya kiasi cha punje ya mchele.

Huo uzito ni prosesa kujipunguza kasi. Nyingi hufanya hivyo zikikaribia nyuzi joto 95 hadi 100. Pima kwa HWiNFO, programu inayoonyesha joto la prosesa, dakika 15 bila stendi, 15 ukiwa nayo, kazi ileile. Hata nyuzi 5 si haba: chumba kikiwa na nyuzi 32, feni inapuliza hewa ya nyuzi 32.

SWALI: Naweza kutengeneza stendi kwa feni ya kompyuta ya mezani? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Nyingi ni za volti 12, na tundu la kawaida la USB hutoa 5; itazunguka kwa kujivuta au isianze kabisa. Tafuta iliyoandikwa 5V, ya milimita 120. USB 2.0 hutoa ampea 0.5 tu, kwa hiyo feni mbili za ampea 0.2 zinatosha. Ya tatu ichomeke kwenye chaja ya simu.