Jibu: Nyumba tupu Japani, ULIZA BARABARA KWANZA

Mkuu usitume hiyo adivansi! Umeuliza viza, kodi na bei ya kubadili mikeka ya tatami kwenye nyumba ya mbao ya yeni milioni 1.8 huko milimani Gifu, ila mimi nimekwama kwenye picha yako ya tatu. Hicho kichochoro mbele ya geti ndo kimeshusha bei.

Sheria ya ujenzi ya Japani, kwenye maeneo yaliyo chini ya mipango miji, inataka kiwanja kiguse kwa angalau mita 2 barabara inayotambulika kisheria, upana wa kawaida mita 4. Vipo vinjia vya zamani vinavyokubaliwa kwa sharti la kurudisha ujenzi nyuma, lakini kutambulika kwake ni kwa rekodi, sio kwa macho. Kiwanja kisipotimiza hilo nyumba iliyopo unaishi, ila ikiungua au tetemeko likiiangusha kwa kawaida hujengi nyingine, mpaka upate ruhusa maalum.

Nyumba niliyonunua mimi ndo iko hivyo. Dalali aliniambia "watu wameishi hapa miaka yote, hakuna shida", na ile karatasi ya maelezo anayotakiwa kisheria kukufafanulia kabla ya mkataba akaisoma mbio mbio, kipengele cha barabara kimo humo humo, hakugusia hata kwa sekunde maana yake nini. Mtu anakula kamisheni halafu anakuzika hivyo, bado inaniuma. Baadaye fundi akakuta mchwa wamemaliza nguzo, zaidi ya nusu zitoke, na tangu Aprili 2025 ukarabati mkubwa wa nyumba ya mbao ya chini na juu unataka kibali, na kibali kinarudi kule kule kwenye barabara. Nikasema basi nibomoe, mashine haipiti, kazi ya mikono bei ikazidi niliyonunulia, na nyumba ikishaondoka kiwanja kinapoteza lile punguzo la kodi la makazi linaloshusha thamani inayopigiwa kodi hadi sehemu moja ya sita. Benki nazo hazitaki kusikia. Nikamfuata jirani aniuzie kipande cha kupanulia njia, mzee mstaarabu kabisa, kumbe hati bado ina jina la babu yake marehemu na warithi wametawanyika nchi nzima. Kuandikisha urithi ni lazima tangu Aprili 2024, faini hadi yeni 100,000, lakini faini haikusanyi binamu ambao hawajuani.

Na hawa jamaa wa video za nyumba za bure Japani, wanazungusha kamera bustanini, kwenye milango ya karatasi, njiani hawageuki kabisa. Wanajua wanachoficha.

Kwa hiyo kabla ya yeni yoyote, nenda ofisi ya usajili ukachukue ramani ya kiwanja, anaruhusiwa mtu yeyote, huhitaji kuwa mwenye nyumba. Ipeleke dirisha la ujenzi la manispaa, mji ukiwa mdogo sana watakuelekeza ofisi ya mkoa. Uliza hii njia inatambulika au la, upana wake rasmi ngapi, kiwanja kinaigusa kwa mita ngapi, naweza kujenga upya? Usimtume dalali akuulizie, nenda mwenyewe na mtu anayejua Kijapani vizuri.

Viza hupati kwa kununua nyumba, hilo lisikupotezee muda. Weka hapa namba ya kiwanja ilivyo kwenye tangazo, sio anwani ya posta, nikuonyeshe jinsi ya kuisoma kwenye ramani. Adivansi isubiri.