Anasoma bila kukwama, lakini haelewi

Mtoto wa darasa la nne anasimama, anasoma kifungu kizima bila kukwama, anaketi. Ukimuuliza kilichotokea, anatazama dari. Madarasa ya chini kazi yake ilikuwa kujifunza kusoma. Kuanzia la nne hadi la sita anatakiwa asome ili ajifunze, na kitabu cha sayansi hakimsubiri.

Kabla ya kumpa mazoezi, jua tatizo liko wapi. Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba ufahamu hutokana na kuzidisha vitu viwili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kupima ni rahisi. Chukua kifungu cha maneno kama 200, umsomee wewe, yeye asikilize tu. Akikielewa kwa masikio na akashindwa kingine cha uzito uleule akisoma mwenyewe, shida iko kwenye usomaji. Asipokielewa hata akisomewa, amepungukiwa msamiati au hajui chochote kuhusu mada, na kumrudisha kusoma kwa sauti mara kumi ni kumchosha bure. Angalia pia uzito wa kifungu: katika maneno 100 ya mwanzo, akikosea zaidi ya 10, tafuta chepesi zaidi.

Sasa chukua kifungu hiki kifupi:

"Juma alichungulia dirishani, akaguna. Alirudi chumbani, akautoa mwavuli kabatini. Dada yake alipouona, alicheka. 'Si jana ulisema hutaubeba tena?' Hakumjibu. Aliufunga kwenye mkoba, akatoka."

Hakuna neno gumu hapo, na bado wengi huteleza. Kiswahili huficha watu na vitu ndani ya kitenzi. "Hakumjibu": nani hakumjibu nani? "Aliufunga": alifunga nini? Mtoto atakwambia mkoba, kwa sababu mkoba uko karibu na kitenzi na nao huchukua u-. Mwache ajaribu kuliweka neno lenyewe mahali pa kiambishi: "alifunga mkoba kwenye mkoba" haileti maana, "alifunga mwavuli kwenye mkoba" inaleta. Zoezi la kupigia mstari viambishi vitano na kuchora mshale hadi kwenye jina linalohusika huchukua dakika kumi. Kwa maoni yetu linasaidia kuliko kurasa nyingi za maswali.

Kisha makisio. Muulize: je, mvua ilikuwa ikinyesha Juma alipotoka? Mtoto mwepesi atajibu ndiyo, kwa kuwa ameona mwavuli. Hapo lifuate swali moja ambalo mwalimu au mzazi hapaswi kulichoka: umejuaje? Akirudi kwenye kifungu atakuta neno "mvua" halimo kabisa. Atakuta pia kwamba Juma ameufunga mwavuli kwenye mkoba badala ya kuufungua, kwa hiyo inaelekea mvua haijaanza. Huenda ni mawingu, huenda hata ni jua kali. Kukisia ni kuunganisha alama zilizomo kwenye kifungu na kile unachokijua, halafu kuishia pale alama zinapoishia. Anayevuka hapo anabuni hadithi yake mwenyewe.

Jaribio la kimataifa la PIRLS, linalopima watoto walio katika mwaka wa nne wa shule tangu 2001, hupanga maswali kwa hatua nne: kutafuta habari iliyotajwa wazi, kukisia jambo la karibu, kuunganisha na kufasiri mawazo, na kutathmini maudhui na lugha ya mwandishi. Angalia maswali unayompa mtoto wako. Mara nyingi yote ni ya hatua ya kwanza: nani, wapi, lini. Mtoto huyajibu kwa kutafuta sentensi yenye neno lililo kwenye swali na kuinakili nzima, na anapata vema bila kuelewa kitu. Swali kama "Kwa nini Juma hakumjibu dada yake?" halinakiliki.

Wazo kuu nalo huchanganywa na mada. Mada ni neno moja au mawili: nyuki. Wazo kuu ni sentensi kamili: nyuki vibarua hubadilisha kazi mzingani kadiri umri unavyosonga. Watoto huchagua sentensi ya kwanza, au jambo lililowashangaza zaidi. Mfundishe kuipima: achukue sentensi aliyoichagua, apite aya moja baada ya nyingine akiuliza kama aya hiyo inaiunga mkono. Aya mbili zikibaki nje, sentensi ni finyu.

Kwenye msamiati, kamusi ije mwisho. Kwanza avunje neno. "Kisichosomeka" linatisha mpaka uone "som-" ndani yake. Na hapa usipite haraka, maana "barua haikusomwa" na "barua haikusomeka" ni mambo mawili: ya kwanza hakuna aliyeisoma, ya pili huenda walijaribu na mwandiko ukawashinda. Mtihani hupenda sana mahali kama hapo. Baada ya kuvunja, asome sentensi iliyotangulia na inayofuata, akisie maana, alibadilishe neno kwa kisio lake. Kamusi ithibitishe.

Ufupisho ndio humshinda karibu kila mtoto, na sababu ni kwamba huwa anakata mkia: anaambiwa afupishe maneno 150 kuwa 50, ananakili 50 ya mwanzo na kuweka nukta. Afanye hivi: afute mifano na marudio, orodha aipe jina moja (nyundo, msumeno na patasi viwe "zana"), kisha afunge kitabu na kuandika anachokumbuka kwa maneno yake. Akifungua tena, ahakiki majina na tarakimu tu. Kitabu kikibaki wazi, atanakili. Hata watu wazima hunakili.

Kipindi kimoja kisizidi dakika 25: kusoma kimya, kusimulia bila kitabu, maswali manne ya hatua tofauti, na kila jibu alionyeshe kwa kidole mstari ulikotoka. Usimweleze kifungu kabla hajakisoma. Ukishamweleza, atajibu kutokana na maelezo yako, na utadhani ameelewa kifungu.